Kamera moja ya bei nafuu kwa njia ya gari: nichukue ipi?

Swali la msomaji: "Habari za kazi, mtaalamu. Njia ya gari ya nyumbani kwangu ina urefu wa mita 14 kutoka barabarani hadi ukuta wa nyumba. Haina geti, na mwanya wa kuingilia ni mita 4. Gari tunaliegesha katikati, pua ikitazama nyumba. Mara mbili sasa tumeamka na kukuta vioo vya pembeni vimeng'olewa. Fedha niliyonayo inatosha kamera moja tu, tena ya bei ya chini. Nimeonyeshwa tatu zenye bei zinazokaribiana. Ya kwanza inazunguka, ina megapikseli 8 na inatumia waifai. Ya pili ni ya betri na sola, haina waya hata mmoja. Ya tatu imetulia mahali pamoja, ina megapikseli 4, lenzi ya milimita 4, na inavutiwa kebo. Nataka kuona sura ya mtu na namba za gari, hasa usiku. Nichukue ipi?"

Kazi ni njema, ndugu yangu, na pole sana kwa hasara. Kuibiwa mara moja kunaudhi. Kuibiwa mara mbili pale pale kunanyima usingizi, maana unajua mtu huyo ameshaizoea njia yako.

Jibu fupi: chukua ya tatu, ile isiyozunguka. Lakini usikimbilie kulipa kabla hujasoma yanayofuata. Kamera hiyo hiyo ukiifunga mahali pabaya haitakusaidia lolote, na ile sehemu ya swali lako kuhusu namba za gari ina jibu ambalo huenda hukulitarajia.

Karibu kila anayeniuliza huanza na megapikseli, kwa sababu ndiyo namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Mimi naomba tuanze na picha unayotaka kuwa nayo mkononi asubuhi ya tukio. Unataka picha ya nani, akiwa amesimama wapi, ameelekeza uso upande gani? Kwa hali yako jibu liko wazi: mtu mzima, amesimama kando ya kioo cha gari, usiku, umbali wa kama mita 6 kutoka ukuta wa nyumba. Hapo ndipo kazi ilipo. Barabara, ua wa jirani na anga vyote ni ziada, na ziada hiyo unailipia kwa pikseli.

Nieleze kwa nini. Kamera ina idadi maalumu ya pikseli, yaani vidoti vinavyounda picha, kutoka kushoto hadi kulia: ya megapikseli 2 ina 1920, ya 4 ina 2560, ya 8 ina 3840. Pikseli hizo zinagawanywa kwenye upana wote wa eneo linaloonekana. Ukiitazamisha kamera mahali papana, kila mita inapata chache. Kiwango cha kimataifa cha mifumo ya kamera za usalama, IEC 62676-4, katika toleo lake la 2014 kilipima hivyo hivyo, kwa pikseli kwa kila mita ya upana. Pikseli 25 kwa mita zinatosha kujua kwamba kuna mtu. Pikseli 125 zinatosha kumjua mtu ambaye tayari unamfahamu, shemeji yako kwa mfano. Kumtambua mtu usiyemfahamu, kiasi cha kumwonyesha polisi picha na kusema ndiye huyu, panatakiwa 250.

Hesabu yake haihitaji fundi. Chukua tepu, pima kutoka kamera itakapokaa hadi mtu atakaposimama. Lenzi ya milimita 2.8, ambayo ndiyo inayokuja na kamera nyingi za bei ya chini, huona pembe ya nyuzi 110 hivi, na upana wa picha yake ni karibu mara tatu ya umbali huo. Ya milimita 4 huona nyuzi kama 80, upana ni umbali mara 1.7. Ya milimita 6 huona nyuzi kama 50, na upana unakaribia kulingana na umbali wenyewe. Ya milimita 12 huona nyuzi kama 30, upana ni zaidi kidogo ya nusu ya umbali. Vipimo hivi hubadilika kidogo kufuatana na ukubwa wa sensa, kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, ila kwa kuchagua vinatosha kabisa.

Tuzipime kamera zako. Ya kwanza, ya megapikseli 8, tuchukulie ina lenzi pana ya kawaida. Kwenye mwanya wa barabarani, mita 14, picha yake ina upana wa mita 40 au zaidi kidogo. Gawanya 3840 kwa 40, unapata pikseli 96 kwa mita. Uso wa mtu mzima una upana wa kama sentimita 16, kwa hiyo unaangukia pikseli 15. Pikseli 15 ni doa lenye nywele. Ya tatu, ya megapikseli 4 na lenzi ya milimita 4, mahali hapo hapo inatoa pikseli 108 kwa mita, na uso unapata 17. Nayo haitoshi. Usidanganyike kwamba mojawapo itakupa sura ya mtu aliyesimama barabarani.

Sasa rudi kwenye kioo cha gari, mita 6. Kamera ya tatu inaona upana wa mita 10 na kitu, na 2560 ukiigawa unapata pikseli 250 kwa mita. Uso una pikseli 40. Hiyo ndiyo picha tunayoitafuta, na imepatikana bila kuongeza hata senti. Kwa haki yake niseme kwamba ya megapikseli 8 mahali hapo ingefika kama 213, na mchana picha yake ingependeza. Lakini wewe huibiwi mchana.

Usiku ndipo kamera za bei nafuu zinapotengana. Sensa ni kama sinia la kukinga mvua: ukiligawa sinia la ukubwa ule ule katika vikombe milioni 8 badala ya milioni 4, kila kikombe kinapata matone machache. Katika bei ya chini, sensa ya kamera ya megapikseli 8 mara nyingi ina ukubwa ule ule wa ile ya 4, au inaizidi kidogo tu. Matokeo yake ni chengachenga, ambazo kamera huzifuta kwa programu yake, na inapozifuta inafuta na mikunjo ya uso. Kwa hiyo ukiwa dukani, baada ya kuuliza megapikseli, uliza mambo mawili ambayo muuzaji huwa hayataji. La kwanza ni ukubwa wa sensa, ulioandikwa kwa sehemu, kwa mfano 1/2.8. Namba ya chini inapokuwa ndogo sensa ni kubwa zaidi, hivyo 1/1.8 inaishinda 1/2.8. La pili ni upana wa tundu la lenzi, ulioandikwa kwa herufi F. Hapa pia namba ndogo ndiyo bora: lenzi ya F1.0 inaingiza mwanga mara nne ya ile ya F2.0.

Halafu kuna jambo la mwendo, ambalo picha za matangazo hazionyeshi kwa sababu watu wake husimama wima wakitabasamu. Gizani kamera huacha jicho wazi kwa muda mrefu zaidi ili ikusanye mwanga, tuseme sehemu 1 ya 25 ya sekunde. Mtu anayetembea kwa mwendo wa kawaida, mita 1.4 kwa sekunde, ndani ya muda huo amesogea sentimita 5.6. Hiyo ni theluthi ya upana wa uso wake. Uso unakuwa umepakwa kama rangi mbichi iliyopitiwa kidole, na hakuna megapikseli zitakazoirudisha. Dawa ni mwanga. Ukiwa na taa ya nje inayowaka usiku kucha, au inayowaka yenyewe mtu akipita, kamera inaweza kufunga jicho haraka, na sura inakaa. Kama bajeti yako inabana, ningependa uchukue kamera ya bei ya chini kidogo na fedha inayobaki ununue taa ya LED ya nje, kuliko kuchukua kamera ya bei ya juu ikakaa gizani. Nasema hivi kwa moyo mmoja. Nimewahi kuitwa nyumba ambayo mwenyewe alishaamua kubadilisha kamera. Tukamfungia taa juu ya mlango, upande mmoja wa kamera, na kamera ile ile aliyotaka kuitupa usiku huo ikamwonyesha mwanawe akifungua mlango wa gari, hadi alama ya fulana yake.

Wengi watakuambia kwamba kamera ina mwanga wake wa infraredi, usioonekana kwa macho, huna haja ya taa. Unasaidia, ni kweli, hasa kujua kwamba kuna mtu. Ila una tabia zake. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inayomfikia mtu inabaki robo, kwa hiyo zile "mita 30" za kwenye boksi ni umbali wa kuona kivuli cha mtu, hazihusu sura. Ukifunga kamera karibu mno na ukuta au chini ya dari, mwanga huo unagonga pale, unarudi kwenye lenzi, na picha nzima inakuwa ukungu mweupe. Na buibui. Wadudu hukusanyika karibu na kamera, buibui anawafuata wadudu, na anajenga utando mbele ya lenzi kabisa. Mchana huuoni. Usiku ikiwaka infraredi, uzi mmoja ulio sentimita 2 kutoka kwenye kioo unang'aa kama kamba ya katani na kuziba nusu ya picha, na kila upepo ukiutikisa simu yako inalia. Nimeona rekodi ya namna hiyo kwa macho yangu: mtu anaingia, anafika usawa wa gari, na pale uso ulipo kuna uzi mweupe unaocheza. Mwenye kamera aliirudia rekodi ile mara nyingi sana, akitumaini uzi utapisha. Taa ukiifunga mita moja au mbili mbali na kamera, wadudu wengi wataifuata taa.

Namba za gari sasa. Ndugu yangu, ziondoe kwenye matarajio yako ya usiku. Vibao vya namba katika nchi nyingi vimetengenezwa virudishe mwanga kule ulikotoka, ili taa za gari la nyuma zivionyeshe. Infraredi ya kamera inapokipiga kibao, kinarudisha karibu yote, na unachopata ni mstatili mweupe usio na herufi. Ongeza mwendo: gari linalokwenda kilomita 20 kwa saa husogea sentimita 22 ndani ya ile sehemu 1 ya 25 ya sekunde. Kamera zinazosoma namba kwa uhakika hufungwa kwa kazi hiyo peke yake. Zina lenzi nyembamba ya milimita 12 au zaidi, zimeelekezwa mahali ambapo gari hupunguza mwendo, na jicho lao hufunga kwa sehemu 1 ya 500 ya sekunde au haraka zaidi, kiasi kwamba gari linasogea sentimita 1 tu. Katika mpangilio huo namba inaonekana safi na kila kitu kingine ni giza tupu, pamoja na uso wa dereva. Mshika mbili moja humponyoka, na hapa inaponyoka kweli. Isitoshe, anayeng'oa vioo vyako anakuja kwa miguu. Sura yake ndiyo unayoihitaji. Siku ukipata fedha ya kamera ya pili, tutazungumza namba.

Ile inayozunguka naielewa inavyovutia, kwa sababu unaona ua mzima kwa kidole ukiwa kitandani. Shida ni kwamba inaangalia mahali pamoja kwa wakati mmoja kama nyingine zote, na mwizi hatakusubiri uigeuze. Zipo zinazomfuata mtu zenyewe, lakini paka akipita upande wa kulia kamera inamfuata paka, na upande wa kushoto hauna mlinzi. Nyingine zikikatikiwa umeme zikirudi hutazama mahali pengine kabisa na pale ulipoziacha. Tena ina mota na gia ndogo za plastiki zinazokaa kwenye jua, vumbi na mvua. Ile iliyotulia haina cha kuchakaa. Kwa kamera ya pekee, yenye kazi moja, kutulia ni sifa.

Ya betri na sola ningeichagua bila kusita mahali pasipo na umeme kabisa, kama shambani au kwenye geti la mbali. Kwako hapana, na sababu iko kwenye namna inavyoamka. Ili betri idumu, kamera inalala. Kinachoiamsha ni kihisi cha joto, nacho kinafanya kazi kwa kugundua joto likihama kutoka sehemu moja ya eneo lake kwenda nyingine. Mtu akikatiza mbele yake kutoka kushoto kwenda kulia kinamnasa vizuri. Mtu akija moja kwa moja kuielekea kamera, joto lake halihami upande, linakua taratibu tu, na kihisi kinachelewa. Njia ya gari ni hivyo hasa: kila anayeingia anaijia kamera usoni. Kisha hesabu muda wa kamera kuamka na kuanza kurekodi. Watu wenye kamera hizi huniletea video nzuri za migongo. Nyingi pia hazirekodi mfululizo, zinahifadhi vipande vifupi vya tukio, na hutaweza kurudi nyuma kuona mtu alizunguka kwa muda gani kabla ya kugusa gari.

Tuje mahali pa kuifunga, maana hapa ndipo watu huharibu kamera nzuri. Ifunge kwenye ukuta wa nyumba ikitazama barabarani, usiifunge barabarani ikitazama nyumba. Anayeingia anaitazama nyumba, kwa hiyo kamera ya nyumbani inapata uso wake, ya barabarani ingepata kisogo. Iweke usawa wa katikati ya njia ya gari, kwa kuwa gari lako linaelekeza pua nyumbani na kutoka hapo vioo vyote viwili vinaonekana. Ukiiweka kwenye kona, mtu akiinama upande wa pili gari lenyewe linamficha. Kuhusu kimo, mita 2.5 hadi 3. Fundi atataka kuipandisha juu kabisa chini ya paa ili isifikiwe. Mkatalie kwa adabu. Kamera ikiwa mita 3, mtu aliye mita 5.5 mbele yake inamtazama kwa mteremko wa nyuzi 14 hivi, na uso unaonekana hata akivaa kofia. Ipandishe mita 5 na mteremko unafika nyuzi 32. Utajua kofia yake ilikuwa ya rangi gani, basi.

Angalia pia jua linachomoza na kuzama wapi. Lenzi ikitazama jua la asubuhi, kwa saa nzima kila mtu atakuwa kivuli cheusi. Kipo kipengele cha kusawazisha mwanga mkali na giza, kinaandikwa WDR, na kamera zilizo nacho kwa kweli huandika desibeli zake, mara nyingi 120. Pale palipoandikwa "WDR ya kidijitali" usitarajie makubwa. Inamishe kamera kidogo ili anga isiingie kwenye picha, hilo peke yake linasaidia sana.

Kebo isikuogopeshe. Kama kamera ya tatu inatumia PoE, yaani umeme na picha kwenye kebo moja ya mtandao, unahitaji kebo hiyo na kifaa kidogo cha kuingizia umeme kando ya ruta. Kebo hiyo inafika hadi mita 100. Kama inatumia adapta ya volti 12, kuwa mwangalifu na waya mwembamba mrefu. Volti zinapungua njiani, na dalili yake inachanganya watu: kamera inafanya kazi mchana kutwa, kisha jua likizama tu inazima na kuwaka, inazima na kuwaka. Ni kwa sababu taa za infraredi zimewaka, zimevuta umeme mwingi, na waya haumudu. Watu hurudisha kamera dukani ikiwa nzima. Ongeza unene wa waya au sogeza adapta karibu. Maungio yote yakae ndani ya kiboksi kisichopitisha maji, na kebo kabla ya kuingia ukutani ipinde kidogo kwenda chini, ili maji ya mvua yadondokee kwenye pindo yasifuate kebo hadi ndani. Kamera yenyewe iwe na alama ya IP66 au zaidi. Hiyo 6 ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji yanayorushwa kwa nguvu.

Ukilazimika kutumia waifai kwa sababu yoyote, kabla ya kununua simama pale pale kamera itakapokaa, shika simu usawa huo, funga mlango, cheza video. Ikigomagoma, kamera nayo itagomagoma. Tumia masafa ya gigahezi 2.4, yanapenya ukuta vizuri kuliko 5. Na umeme ukikatika ruta inazima, kwa hiyo UPS ndogo, yaani betri ya akiba, ya ruta na kamera ni ununuzi wa busara mapema kadiri utakavyoweza. Wezi hupenda giza la mtaa mzima.

Kurekodi. Kamera nyingi za daraja hili zina nafasi ya memori kadi. Ikirekodi mfululizo kwa megabiti 4 kwa sekunde, siku moja inakula gigabaiti 43, kwa hiyo kadi ya 128 inakupa siku tatu pungufu kidogo kabla ya kuanza kujifuta. Kwa mfumo wa kubana video uitwao H.265 unaweza kushusha kasi hiyo karibu nusu bila kuharibu picha, ukafika siku tano au sita. Nunua kadi iliyotengenezwa kwa kurekodi mfululizo, maana ya kawaida ya simu huchoka kimyakimya. Unagundua imekufa siku unayoihitaji. Na kwa kuwa kadi iko ndani ya kamera, anayeing'oa kamera anaondoka na ushahidi. Ndiyo maana nakuhimiza uhakikishe kamera yako ina ONVIF au RTSP, njia zinazoiruhusu kutuma picha kwenye mashine ya kurekodi au kompyuta ya kampuni yoyote. Leo huna fedha ya mashine hiyo, sawa. Lakini kamera isiyo na njia hizo imekufunga kwenye programu ya mtengenezaji mmoja, na akianza kudai ada ya kila mwezi kwa kuhifadhi video zako utalipa au utanunua kamera nyingine. Uliza dukani neno kwa neno: intaneti ikikatika itaendelea kurekodi? Nisipolipa ada nitaona rekodi za jana?

Siku ya kwanza badilisha nywila, kabla hata ya kuipanda ukutani. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera na mashine za kurekodi kwa wingi duniani kwa kujaribu tu orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani. Oktoba mwaka huo zikatumika kuishambulia kampuni ya Dyn, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Wenye kamera zile hawakujua lolote. Weka nywila ndefu isiyotumika kwingine, ruhusu masasisho, na usikubali fundi afungue milango ya ruta yako, yaani njia za kuingilia kutoka intaneti, ili "uone ukiwa mbali" bila kukueleza anachokifanya.

Jirani naye ana haki yake. Kamera nyingi zina uwezo wa kuziba sehemu ya picha kwa mraba mweusi. Ziba dirisha lake na ua wake, na zima kinasa sauti. Mwaka 2021 mahakama ya kaunti ya Oxford, Uingereza, iliamua dhidi ya mwenye nyumba ambaye vifaa vyake vilinasa maeneo ya jirani, na jaji aliona kunasa sauti kuna tatizo kubwa hata kuliko picha. Sheria za kwenu zinaweza kuwa tofauti, ila kumgongea jirani ukamwonyesha kwenye simu kile kinachoonekana kunamaliza maneno kabla hayajaanza.

Arifa zisikuchoshe ukazizima. Chora eneo la tahadhari kwenye programu lizunguke gari na njia tu, barabara ibaki nje, na chagua kamera inayotofautisha mtu na vitu vingine. Arifa mbili kwa usiku utaziamkia. Arifa 60 utaziweka kimya, na ya 61 ndiyo ya mwizi.

Fundi akimaliza, usimlipe yote mchana huo. Msubirishe hadi giza liingie, au mrudishe. Mwombe mtu wa nyumbani avae kofia, aingie kutoka barabarani kwa mwendo wa kawaida, afike kwenye kioo cha kulia, ashike kama anayeking'oa, aende cha kushoto, atoke. Wewe usitazame picha ya moja kwa moja. Fungua rekodi kutoka kwenye kadi, maana mara nyingi ubora wake ni tofauti na wa moja kwa moja. Isimamishe pale alipokuwa kwenye kioo na uikuze. Halafu mpe simu mtu anayemjua kidogo tu, jirani au mwenye duka mnaponunua vitu, umuulize: huyu nani? Akisita, sogeza taa, shusha kamera, ongeza kasi ya jicho kwenye mipangilio, mrudie kutembea. Fanyeni hivyo hadi jina litajwe bila kusita, ndipo mkaze skrubu za mwisho.